Mkopo Bila Kizimba

Basi likisimama Mombo, biashara ya pale ni ya miguu na macho. Wauzaji wanalikimbilia kabla halijatulia, kila mmoja anatafuta dirisha lenye mteja, anainua ndoo ya peasi au mfuko wa karoti zilizoshuka kutoka Lushoto, anapokea noti na kurudisha chenji huku gari limeshaanza kuondoka. Kwa mtu asiyeona, biashara ya namna hiyo ni kama haipo. Apewe mtaji wa milioni moja leo, bado dirisha hatalifikia.

Sheria ya kumpa mtaji huo ipo, na yenyewe ni nzuri. Tangu 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kuisimamisha mikopo hiyo, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuanika madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarejeshwa, na halmashauri 10 zikateuliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Bumbuli, humu humu Usambara, ni mojawapo.

Sasa mjadala wote umekuwa wa fedha: zitoke wapi, zipite benki gani, zirudi vipi. Mahali pa kufanyia biashara hapazungumzwi, na kwa asiyeona mahali ni nusu ya mtaji.

Milima hii haikosi watu wanaolielewa jambo hilo. Kanisa la Kilutheri lilifungua shule ya watoto wasioona Irente mwaka 1963, na wengi wamejifunza nukta nundu pale. Walimu wa elimu maalumu nao walifundishwa Magamba, katika Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa. Lushoto inajua kumfundisha mtoto asiyeona. Anapomaliza shule akakosa ajira, ndipo anapoachwa peke yake.

Na akikaa mahali pamoja, huyo ni mfanyabiashara kamili. Viazi na nyanya huuzwa kwa fungu na kwa sado, vipimo ambavyo mkono unavijua bila mizani. Noti za Tanzania hazilingani ukubwa, ya 10,000 ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote, na anayetaka uhakika zaidi huzikunja kila moja kwa namna yake. Kinachomsumbua siku hizi ni simu. Mteja anasema ameshatuma, ujumbe umeingia kwenye simu ya batani isiyosoma kwa sauti, na muuzaji inambidi amuulize mtu aliye karibu kama kweli hela imeingia. Akitaka kumlipa aliyemletea mzigo, pengine anamtajia huyo aliye karibu hata namba ya siri. Anayetangatanga na beseni atamwamini nani? Mwenye kizimba ana jirani wa kila siku, anayemjua kwa sauti na anayejua pa kumpata kesho.

Marekani waliliona hili zamani. Mwaka 1936 ilipitishwa sheria iliyopewa majina ya waasisi wake, Seneta Morris Sheppard na Mbunge Jennings Randolph, ikiwafungulia wasioona nafasi ya kuendesha vibanda ndani ya majengo ya serikali kuu. Walianza na magazeti, peremende na tumbaku. Baadaye wengine wakafika kuendesha migahawa. Kiini cha mpango ule ni kwamba serikali ilimpa mtu eneo lenye wateja, ikamfundisha kazi, ikampa leseni kwa jina lake mwenyewe.

Leseni ya jina lake mwenyewe inajibu hofu ya kweli iliyopo huku: kwamba ndugu mwenye macho atakichukua kizimba kwa mgongo wa asiyeona, kisha akipangishe. Atakayekutwa amekipangisha anyang'anywe, apewe asiyeona mwingine. Wapo watakaosema huu ni upendeleo kwa sababu wafanyabiashara wadogo wote wanahangaika. Ni kweli wanahangaika, lakini mwenye macho aliyekosa kizimba bado anaweza kulikimbilia basi.

Tena hakuna fedha mpya inayohitajika. Halmashauri ndiyo yenye soko, ndiyo inayogawa vizimba, ndiyo inayosimamia stendi na hospitali ya wilaya ambayo watu huingia na kutoka kutwa nzima wakitafuta maji, matunda na vocha. Na halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayotenga asilimia 2. Ikiwa fungu linakokotolewa kwenye bilioni 2, hiyo ni milioni 40 kwa mwaka. Milioni 40 zikitawanywa bila mahali pa kuuzia, nyingi zitaishia kwenye chakula na madeni, na mwaka unaofuata mkaguzi ataandika kwamba watu wenye ulemavu hawarejeshi.

Bumbuli na Lushoto zianze na sheria ndogo: katika kila soko na kila stendi vitengwe vizimba vya wasioona kabla ya ugawaji wa kawaida, na anayepitishiwa mkopo akabidhiwe namba ya kizimba siku hiyo hiyo. Kiwe karibu na lango, mahali pa tambarare. Sehemu ya nyuma ya soko, kwenye mteremko ambao masika hugeuka utelezi, asipewe mtu anayetembea kwa fimbo nyeupe.