Jurawa katika Ukuta wa Nyumba

Ametuuliza mmoja katika wasomaji wetu: jurawa, ambao wengine huwaita shomoro, wamefanya kiota katika tundu la ukuta wake, na majani na uchafu vyamwagika kitandani. Je, yafaa kuwafukiza moshi au kuliziba tundu?

Jawabu: kuwaondoa yafaa, kwani nyumba ni yake. Lakini kuliziba tundu lenye makinda ni kuwazika wangali hai, na moshi huwaua vile vile. Amepokea Abu Daud kwa Abdallah bin Masud kwamba Masahaba walipokuwa safarini walitwaa makinda wawili, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamrisha arudishiwe watoto wake.

Basi ikiwa jurawa ndiyo kwanza waleta majani na hapana yai, yatoeni, mzibe siku ile ile kwa jiwe na chokaa. Yakiwamo mayai, subirini. Huatamiwa kadiri ya siku 11 mpaka 14, na makinda huruka baada ya wiki mbili hivi. Ni mwezi mmoja tu, na kitanda chasogezwa! Wakisha kuruka msikawie, maana jurawa hutaga tena upesi. Tazameni kwa taa kwamba tundu ni tupu, rowesheni uchafu kabla ya kufagia, mfunge kitambaa puani, kisha zibeni.

Nanyi vijana, kinda asiye na manyoya akianguka mrudisheni kiotani. Lile neno kwamba mama humkataa kinda aliyeshikwa na mtu halina asili. Atakuja na kumlisha.