Tuone shule kabla ya kulipa

Mabinti wetu wawili wamemaliza Mtihani wa Serikali, wanataka kuwa mainjenia. Hatukuwakataza. Tangu Mulongwe ifurike mwezi wa 4 mwaka 2020 na kubomoa nyumba, tunajua Uvira inahitaji watu wanaoelewa maji na madaraja.

Lakini minervali ni jasho letu la sokoni. Likizo hii kubwa, mtoto aombe kwanza staji ya wiki mbili REGIDESO au SNEL. Kisha tumpeleke Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wetu, Chuo Kikuu cha Burundi kina kitivo cha uhandisi. Aulize: mashine za mazoezi ziko wapi? Wasichana ni wangapi darasani? Wanaomaliza wanafanya kazi wapi?

Akirudi amechoka lakini anacheka, tulipe. Akichukia, tumejua mapema, na pesa bado tunayo.