Usijifiche nyuma ya tumbo la mkeo!

Ndugu yangu wa kijiweni, leo nina swali moja, na usitazame pembeni. Mara ya mwisho kupima damu ilikuwa lini? Jibu lako nalijua: "Wa kwangu alipimwa kliniki, wakamwambia yuko safi. Basi na mimi niko safi." Tusidanganyane!

Miaka ya 1980 na 1990, watu waliposema mji fulani una Ukimwi kiasi gani, unadhani hesabu ilitoka kwa nani? Kwa vigogo wa maofisini? Thubutu! Ilitoka kwa wajawazito. Mama akifika kliniki mara ya kwanza alitolewa damu ya kupima kaswende na kuangalia kama damu yake inatosha. Ile iliyobaki ilifutwa jina, ikapimwa virusi, jumla ikapelekwa wizarani. Wajawazito walichaguliwa kwa sababu wanakuja wenyewe kwa wingi, damu yao imeshatolewa, na mimba yenyewe ni ushahidi kwamba kinga haikutumika. Majibu mama hakupewa. Alirudi nyumbani na mimba yake, akiwa namba tu kwenye daftari la serikali.

Sasa jiulize, mimba ile aliipata peke yake? Hesabu iliyoandikwa kwa damu yake ilikuwa inakusema na wewe.

Tazama jirani zetu wa Kampala. Katika hospitali ya Nsambya, mwaka 1992, karibu wajawazito 30 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Kufika 1996 walikuwa karibu 15. Utasema wenye virusi walikufa wakatoka kwenye hesabu. Kweli, walikufa wengi. Lakini hesabu ilishuka hata kwa wasichana wadogo, ambao ndio kwanza wanaanza mambo haya, dalili kwamba maambukizo mapya yalipungua. Serikali ya Museveni iliwaambia wanaume bila haya: kuweni kama ng'ombe wa kufungiwa, mle zizini kwenu tu. Watu walicheka, lakini wengi walitulia, na kliniki ikaonyesha.

Leo mambo yamebadilika. Hapa Tanzania mama mjamzito anapimwa, anaambiwa majibu yake, na akikutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kulipa. Yeye katoka gizani. Wewe je? Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100 wenye virusi, kama 17 hawakuwa wanajua. Na katika kujua, wanaume ndio tuko nyuma.

Majibu ya mkeo si yako. Wapo wanaolala kitanda kimoja, mmoja anavyo na mwenzie hana. Tena sikiliza hili vizuri. Mkeo kapimwa mimba ikiwa changa, yuko salama. Wewe mwezi ujao ukakanyaga waya huko mitaani, ukamletea ngoma akiwa na mimba au ananyonyesha. Virusi vikiwa vipya hujaa sana damuni, na hapo hatari kwa mtoto ni kubwa mno. Kadi ya kliniki inasema mama salama, kumbe baba ameshaharibu.

Na wakubwa nao wasikwepe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za dawa na vipimo vya Ukimwi imetoka kwa wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila mwenye akili aliona hatari ya kutegemea mfuko wa mwenzio. Serikali yenye fedha za mashangingi haiwezi kutuambia imekosa za vipimo. Tunadai zitengwe. Na tunadai hesabu za kliniki za kila mji zibandikwe hadharani kila mwaka, mlangoni pa zahanati, kwa Kiswahili. Aliyetoa damu ana haki ya kujua damu yake ilisema nini.

Lakini wewe usiisubiri serikali. Kliniki baba anaruhusiwa kumsindikiza mama. Kama unaogopa macho ya watu, tangu 2019 sheria inakuruhusu kujipima mwenyewe. Mkeo ameshanyoosha mkono wake akachomwa sindano. Wako bado uko mfukoni. Utautoa lini?