Moto Hausubiri, Kalamu Inaweza Kusubiri



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, baada ya kumhimidi Allah na kumswalia Mtume Wake (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), leo tunapenda kulijibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi hapa Pajulu, msikitini, sokoni na hata juu ya bodaboda: "Ustadhi, nyumbani kwako mnaishije?"

Wanaouliza wana sababu. Mama wa watoto wetu ni askari wa zimamoto. Na sisi, pamoja na kusomesha madrasa asubuhi na jioni, kwa miaka mitatu sasa tunaandika riwaya yetu ya kwanza. Tuna watoto watatu. Basi watu wanashangaa: mmoja anaitwa usiku akazime moto wa watu, mwingine anakesha na daftari, watoto wanalelewa na nani?

Jibu letu ni fupi. Moto hausubiri, kalamu inaweza kusubiri. Lakini hatukulijua jibu hilo siku moja, na tulipolijua tulikuwa tumeshalilipia. Ndiyo maana tunalieleza.

Kazi yenyewe ikoje?

Katika nchi yetu ya Uganda, zimamoto na uokoaji viko chini ya Polisi. Anayepatwa na janga hupiga 999 au 112. Huku kwetu West Nile, kuanzia Disemba hadi Machi nyasi zinakauka, upepo unavuma, watu wanachoma mapori kusafisha mashamba au kuwinda, na nyumba nyingi bado zimeezekwa kwa nyasi. Cheche moja inatosha. Nyumba ya nyasi ikishika moto, mwenye nyumba hana muda hata wa kutafuta viatu.

Tena moto hupenda usiku. Mwezi wa Aprili mwaka 2008 uliteketeza bweni la wasichana katika shule ya msingi ya Buddo, na watoto wengi wakafa wakiwa wamelala. Oktoba 2022 ukaingia usiku katika shule ya wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono, watu 11 wakafariki, wengi wao watoto. Tukiyakumbuka hayo tunaelewa kwa nini simu ikilia saa nane za usiku, mwenzetu anasimama kabla sisi hatujafumbua macho.

Wako waliotulaumu: "Mbona umemwachia mkeo kazi ya wanaume?" Tunawajibu kwa heshima. Kuiokoa nafsi moja ni jambo ambalo Qur-aan imelipa uzito mkubwa mno. Na siku ya Uhud, Bibi 'Aaishah na Ummu Sulaym (Allah awawie radhi) walibeba viriba vya maji migongoni mwao wakiwanywesha majeruhi. Wanawake wa Kiislamu walibeba maji mahali pa hatari zamani sana, kabla gari la zimamoto halijabuniwa. Na bweni la wasichana likiungua usiku, ni mzazi gani atakayeuliza anayemtoa binti yake ni mwanamume au mwanamke?

Na kalamu je?

Wengine wamemlaumu mwandishi badala ya askari: "Riwaya si uongo? Mwalimu wa dini anaandikaje uongo?" Hawa nao tunawaheshimu, kwa sababu wanauogopa uongo, na ni vizuri kuuogopa. Lakini uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Msomaji wa riwaya anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba anapigiwa mfano. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliandika Maqamat, visa vya mjanja mmoja aitwaye Abu Zayd ambaye ni mtu wa kubuni, na wanafunzi wa Kiarabu wamevisoma kwa karne nyingi. Kinachotazamwa ni nia, na kile kinachobaki ndani ya moyo wa msomaji.

Nia yetu ni hii. Sisi ni wa kizazi kilichozaliwa ukimbizini. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa mwaka 1980 na baada yake, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire ya wakati ule na Sudan. Juni 24, 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na hapa, waliuawa. Wazee walioyaona hayo wanaondoka mmoja mmoja, na watoto wetu hawajui kwa nini bibi yao akisikia mlio mkubwa anashika ukuta. Tumeona ni wajibu kuandika, na tukachagua riwaya kwa sababu kijana atakayeikimbia historia anaweza kukaa na hadithi.

Kwa hiyo msidhani tunaidharau kazi ya kalamu. Tunaipenda, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo.

Usiku wa mwezi wa Februari

Kiangazi kimoja mama watoto aliitwa usiku. Umeme ulikuwa umekatika, na taa ya sola imekwisha nguvu. Mtoto wetu mdogo, wa miaka minne, alikuwa na homa, tukaona tuandikie chumbani mwao ili tuwe karibu naye. Tukawasha mshumaa, tukauweka juu ya kigoda. Sura ilikuwa inakuja vizuri, kama maji. Tukainuka kwenda sebuleni kuchukua daftari la zamani, tukalifungua huko, tukaanza kulisoma kwa tochi ya simu. Tukasahau.

Kilichotuamsha ni sauti ya binti yetu mkubwa, wa miaka 11. Chandarua kilikuwa kimeshika moto. Tulipofika tulimkuta ameshamburuta mdogo wake hadi mlangoni, na anamimina maji ya dumu juu ya kitanda, kama mama yake alivyowafundisha wote. Chandarua kiliungua, godoro likaungua pembeni, na mkono wa mtoto ukapata jeraha la ukubwa wa sarafu. Alhamdulillah, hakuna zaidi.

Mama watoto alirudi baada ya alfajiri, nguo zake zinanuka moshi wa nyumba ya watu. Akaingia, akakuta moshi wa nyumba yake. Aliutazama mkono wa mtoto, akatuuliza tulifanya nini kwanza. Kisha akauliza, "Baba watoto, uliandika kurasa ngapi?" Tukasema, "Tatu." Hakuongeza neno, akaenda kuchota maji ya kufua.

Ndugu zetu, tumesomesha kwa miaka ile hadithi iliyopokewa na Abu Musa Al-Ash'ariy (Allah amuwie radhi), ya nyumba iliyoungua usiku Madinah na watu wake wakiwemo, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akatufahamisha kwamba moto ni adui yetu, tuuzime kabla ya kulala. Tumewahifadhisha watoto wa watu, na chumbani mwa watoto wetu tukaacha mshumaa.

Haki ya kila mwenye haki

Katika siku zile tulikirudia kisa cha Salmaan na Abu Dardaa (Allah awawie radhi). Salmaan alimtembelea nduguye, akamkuta mkewe amejiachia kwa sababu mumewe ameshughulika na ibada, mchana anafunga na usiku anasimama. Akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alimsadikisha Salmaan. Ikiwa ibada yenyewe ya sunna haikuruhusiwa kula haki ya mke, riwaya ni nini?

Wengi wakizungumzia mizani ya nyumba wanataka kugawa saa sawa kwa sawa: wewe sita, mimi sita. Kwa nyumba yenye askari wa zimamoto hesabu hiyo haisimami. Yeye hachagui saa yake. Sisi tunachagua. Basi anayeweza kuchagua ndiye anayepaswa kupisha. Huo si udhaifu wa mwanamume. Mtume wetu alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na alishona viatu vyake kwa mkono wake.

Lakini tunasema pia upande wa pili, ili mwenye kipaji asikate tamaa. Kalamu inayoambiwa kila siku "subiri" bila kupewa saa yake, mwishowe itaiba. Itaiba usiku wa mtoto mgonjwa, kama ilivyoiba kwetu. Kwa hiyo ipeni saa, ijulikane na nyumba nzima, na ikipita isidai zaidi. Sisi tulikaa na mama watoto tukaafikiana haya:

1. Usiku ambao yeye yuko zamu, hatuandiki kabisa. Usiku huo sisi ni walinzi wa watoto.

2. Siku yake ya mapumziko tunapewa saa moja na nusu baada ya Alfajiri. Yeye ndiye anayewazuia watoto wasitubishie mlango. Kurasa zinakuwa chache, lakini zinaandikwa na mtu asiye na deni.

3. Akirudi kazini hatumuulizi habari kabla hajaoga na kula. Akitaka kunyamaza, tunanyamaza naye.

4. Tukienda kuwasikiliza wazee, tunakwenda na mtoto mmoja. Kalamu inaweza kusubiri, lakini wazee hawasubiri, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi tuliyoiharakisha. Binti yetu sasa anajua njia ambayo babu yake alipita kwenda Zaire, na hajasoma hata sura moja ya kitabu chetu.

5. Hakuna mshumaa wala koroboi ndani ya chumba cha kulala. Dumu la maji na ndoo ya mchanga viko mlangoni. Na mtu akiungua, jeraha linapozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta.

Lipo la sita, ambalo hatukulitarajia. Tulikuwa tumeandika sura nzima juu ya mama mmoja aliyesimama nje ya nyumba inayoungua, kwa maneno aliyotusimulia mwenzetu usiku mmoja akiwa amechoka. Aliposoma alituambia, "Yule mama yupo. Anauza mihogo. Atajijua." Tukaitoa sura hiyo yote. Ilikuwa bora kuliko zote, lakini maneno ya mume na mke ni amana, na msiba wa mtu ni sitara yake. Mwandishi mwenye mke au mume katika zimamoto, hospitali au polisi anakaa karibu na visa vingi. Vya kwake ni vile alivyoruhusiwa.

Wengine waliwezaje?

Kuna Mmarekani, Larry Brown, aliyeingia zimamoto katika mji wa Oxford, jimbo la Mississippi, mwaka 1973. Aliandika kwa miaka mingi huku akifanya kazi hiyo, na riwaya kadhaa zikakataliwa. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka mwaka 1989, na mwaka uliofuata ndipo alipoacha zimamoto. Karibu na kwetu, Kenya, Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto na mama wa familia. Riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilitoka mwaka 1994 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora kwa Afrika. Hatujui hesabu za nyumba zao. Tunachokiona ni kwamba wote wawili walikuwa na kazi ya kuokoa watu, na vitabu vyao viliweza kungoja miaka hadi vikaiva.

Wanafunzi wetu wenye daftari za hadithi chini ya mito, tunawaambia: andikeni. Lakini mama akiita "njoo", inuka, sentensi utaikuta. Na nyinyi wazazi, mkimwona kijana anaandika, msimcheke. Mpeni saa yake na mahali pa kukaa, kisha mdaini kazi za nyumbani bila huruma.

Riwaya yetu haijakwisha. Imebaki sura nne, na kiangazi kinakuja, kwa hiyo tunajua itachelewa tena. Mkono wa mtoto umepona, alama imebaki. Yeye huwaonyesha wenzake madrasa akijisifu kwamba aliokolewa na dada yake. Sisi tukiiona tunapunguza sauti katika darasa.

Tunamuomba Allah awahifadhi wote wanaotoka usiku kwa ajili ya roho za watu, aziweke nyumba zetu katika amani, na azibariki kalamu zetu ziandike yenye manufaa. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.