Kipwa ni cha watoto pia: tuwape ukingo wa Nzilo

Kipwa kimefika na vakansi kubwa imekaribia. Asubuhi huku Manika baridi inauma, watoto wanajikunja kando ya mbabula. Mchana jua linatoka, barabara ni kavu, mvua hakuna. Ni majira mazuri kwa familia kutoka nje ya mji siku ya posho na kurudi siku ya mungu. Lakini ni familia ngapi zinatoka?

Baridi hiyohiyo iko pia Lesotho. Kule, kwenye milima ya Maluti, kuna fasi inayoitwa Afriski, juu zaidi ya mita 3,000. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, wazazi wanapeleka watoto kuteleza juu ya theluji, mbao zimefungwa miguuni. Theluji ya mbinguni ikipungua, mashini zinaongeza. Lesotho si nchi tajiri. Hata hivyo waliitazama baridi yao, wakaona kazi na furaha ndani yake.

Sisi hatuna theluji, na hatuihitaji. Tuko na ziwa Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi. Union Minière ilifunga mto Lualaba miaka ya 1950 ili kupata umeme wa migodi, maji yakajaa bonde. Wenye gari wanajua njia ya kwenda huko. Mama mwenye watoto watano na hana franka za bisi, yeye anabaki nyumbani.

Ninawaza zaidi familia zilizohamishwa. Wengine walitoka Kasulo mwaka 2017, wakati mtaa ulipogeuka mgodi. Wengine walikimbia vita Kasai na mashariki. Mtu akihamishwa hapotezi nyumba tu. Anapoteza kivuli cha mwembe, uwanja wa mpira, jirani wa kuongea naye. Watoto wake wanacheza karibu na mashimo na vumbi la malori.

Wengine watasema: kwanza maji, kwanza hospitali, michezo baadaye. Wana haki ya kusema hivyo, na mimi siombi hospitali iachwe. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu ilikubali mwaka 1990, unataja kupumzika na kucheza kuwa haki, kifungu cha 31. Na wazee wetu wanakumbuka: Gécamines ilipokuwa na nguvu, mfanyakazi alipewa nyumba, shule, hospitali, na fasi za michezo pia. Hakuna aliyeita ile anasa.

Feza ziko wapi? Kanuni ya migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya malipo ya madini iende kwa miji, komini na shefferi ambamo mgodi uko. Tena kila kampuni inayochimba inaweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na wenyeji wanakaa ndani ya kamati inayoisimamia. Shaba na kobalti vinatoka chini ya miguu yetu. Kipande kidogo cha feza hizo kinatosha kuanza.

Ninachoomba si hoteli. Ni ukingo mmoja wa wazi, wenye kivuli, vyoo, maji safi ya kunywa, na walinzi wanaojua kuogelea, kwa sababu ziwa ni refu na linaua. Ni bisi ya bei ndogo kila siku ya mungu wakati wa kipwa. Wamama watauza samaki, bukari na munkoyo, na feza zitabaki kwetu.

Tufanye hivyo mbele kila kipande cha ukingo hakijapata mwenyewe na ukuta. Kwa hiyo, kamati ya mtaa wenu ikikutana, wababa na wamama, msikae kimya. Semeni: andikeni na Nzilo.