Matundu Madogo, Operesheni Kubwa

Kariakoo, mtu akisema anakwenda kutolewa mawe ya kifuko cha nyongo, hakosi wa kumpoza: "Siku hizi hawapasui, wanatoboa tu." Upasuaji wa matundu madogo una faida za kweli. Maumivu hupungua, kidonda hupona upesi, na mgonjwa hulazwa siku chache. Sibishani na hayo. Nabishana na chumvi inayoongezwa.

Eti si operesheni. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, tumbo likajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi lipande, daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Gesi hiyo hubana mapafu na kuusumbua moyo; mwenye moyo dhaifu huenda asiihimili. Ikibaki kidogo, mabega huuma siku mbili tatu, na asiyeambiwa mapema hudhani amepata ugonjwa mwingine.

Eti daktari anaona kila kitu kwenye skrini, hawezi kukosea. Chombo cha kwanza mara nyingi huingia kabla kamera haijaona chochote, na kinaweza kutoboa utumbo au mshipa mkubwa wa damu. Kwenye nyongo, hatari inayoogopwa zaidi ni kukata mrija mkuu kwa kudhani ni ule wa kifuko. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni wagonjwa 3 hadi 5 kwa kila 1,000, zaidi ya upasuaji wa kufungua tumbo. Balaa hilo huweza kujificha siku kadhaa, na hapo ndipo sifa ya kuruhusiwa mapema inapogeuka mtego: mgonjwa yuko kwake mtaani Gerezani, macho yanakuwa ya manjano, homa inapanda, naye anasubiri tarehe ya kliniki. Asisubiri. Arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Eti fibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi, hata iwe kubwa vipi hupitishwa kwenye katundu. Hupita ikishasagwa. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya juu ya mashine hizo za kusaga: ilikadiria kwamba kati ya wanawake 350 wanaopasuliwa fibroidi, mmoja ana saratani ya kizazi isiyojulikana, na kuisaga ni kuitawanya tumboni.

Eti kwa saratani ndiyo njia bora zaidi. Inategemea saratani gani. Kwa wanawake wanaotibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, inayoongoza ni ya mlango wa kizazi, na utafiti wa kimataifa juu ya saratani hiyo uliochapishwa 2018 ulishtua wengi: baada ya miaka minne na nusu, waliofunguliwa tumbo walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 96.5, wa matundu madogo, asilimia 86. Wengi hufika wakiwa wamechelewa na hutibiwa kwa mionzi, lakini aliyewahi anastahili kuambiwa tarakimu hizo.

Eti daktari akiishia kufungua tumbo, ameshindwa. Upuuzi. Damu ikizidi, kufungua ndiyo busara.

Na kuli anayetaka kurudi kwenye magunia wiki ijayo kwa kuwa ngozi imefunga, ajue tabaka la ndani huchukua wiki kadhaa, na tundu la milimita 10 linatosha kutoa ngiri.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, muulize daktari wako: operesheni kama hii umefanya ngapi, na ni jambo gani litakufanya unifungue?