Pompi ya kisima Karavia: mwenye parsele alipe usalama, si mpangaji

Wenye parsele wengi wa Lubumbashi, Karavia ikiwemo, wakienda kununua pompi ya kisima wanauliza swali moja tu: bei gani? Kisha wanasoma karatoni. Tuseme imeandikwa mita 60 na lita 50 kwa dakika. Wanaamini watapata yote mawili pamoja. Sivyo. Pompi ikifika kwenye urefu wake wa mwisho haitoi hata tone, na ikitoa maji mengi kabisa, hayapandi. Muuzaji anayenyamazia hilo anauza karatoni.

Lakini pesa zikipotea zitatafutwa tena. Pompi inayozama inakaa ndani ya maji yale yale watu wanayochota, na umeme wa nyumbani ni volti 220. Kebo ikichunwa na ukuta wa kisima, au mpira unaozuia maji kuingia kwenye mota ukizeeka, kuran inaingia majini na kwenye bomba la chuma. Hapo mama aliyesimama miguu peku kwenye matope anaokolewa na vitu viwili: waya wa kijani na njano ulioungwa kweli na ardhi, na disjonkteri diferansieli ya miliampere 30, inayokata umeme kabla moyo haujasimama. Disjonkteri ya kawaida haitoshi. Hiyo inalinda waya usiungue, hailindi mtu.

Na hivyo ndivyo vitu wanavyokataa kununua! Garanti wamepokea, pesa ya nyumba wanapokea kila mwezi, lakini disjonkteri ni ghali. Anayekwenda kisimani alfajiri si wao. Ni mpangaji, pengine familia iliyokimbia vita, isiyothubutu kulalamika kwa kuogopa kutupiwa vyombo nje.

Wengine wanajitetea kwamba kuran ya SNEL yenyewe inakatika ovyo. Basi hatari imezidi. Umeme umekatika, mtu anavuta pompi juu, mara kuran inarudi angali ameishika. Pompi ichomolewe kwanza, hata kama mtaa mzima uko gizani.

Mota ya esansi nayo inaua ikishushwa kisimani. Inashushwa kwa sababu ikiwa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini sana ya mita 7, na kiangazi maji yanashuka. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu. Inamwangusha aliyeshuka, kisha ndugu anayeshuka kumtoa. Mota hiyo ibaki nje, mbali na mdomo wa kisima. Kama haifiki, bora ndoo na kamba.

Kwenye disjonkteri diferansieli kuna kitufe cha herufi T. Mpangaji aombe kibonyezwe mbele yake pompi ikifanya kazi. Umeme usipokatika papo hapo, pompi isiguswe hata kama bidoni zote ni tupu, na mwenye parsele aite fundi siku hiyo hiyo, kwa pesa yake.